Mtoto Huyu Anasimamiwa na Nani? Ulezi na Mzazi Aliyetoweka katika Njia ya Tunduma

Mwaka juzi jirani yangu aliniletea barua nimfasirie kwa Kiingereza. Ilitoka Tunduma, mji wa mpakani katika pembe ya kusini-magharibi ya Tanzania, alikohamia dada yake na mumewe kufungua duka la nguo, kama walivyofanya Wapemba wengi katika miji ya bara. Dada huyo alikuwa akimlea mtoto wa marehemu mdogo wake. Baba wa mtoto, dereva wa malori kutoka upande wa Zambia, aliyemwoa mama yake kwa nikahi huko huko Tunduma, hakuonekana tena tangu mtoto alipokuwa na miaka miwili. Sasa mtoto ana kumi na mmoja. Mama mkubwa, ambaye afya ilikuwa imeanza kumtupa mkono, alitaka mambo mawili katika barua moja: kwanza, baba huyo atie saini kwamba ameacha haki zake zote juu ya mtoto, pili, ijulikane kuwa yeye akifa, mtoto atakwenda kwa binti yake mkubwa.

Kazi ya kufasiri barua ya ukurasa mmoja haimchukui mtu zaidi ya saa moja. Mimi ilinichukua wiki, kwa sababu nilikwama katika neno moja: haki. Mtu ambaye kwa miaka tisa hakumnunulia mwanawe hata kandambili, ana haki gani ya kuacha? Na ikiwa anazo, nani alimpa, na nani awezaye kumvua? Mimi si mwanasheria, wala sikusomeshwa historia na mwalimu yeyote; lakini mfasiri hana budi kujua neno limetoka wapi kabla ya kulivusha. Niliyoyakuta katika kulifuatilia neno hilo ndiyo ninayomletea msomaji. Nimeyaona yanatuhusu sisi watu wa pwani na visiwani kuliko nilivyodhani.

Njia ya watekwa

Mtaalamu wa mila Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliiita nchi iliyo baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ushoroba. Ndilo jina alilolitia katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu makabila ya huko: Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Tunduma na Nakonde, Wandali na Walambya wa Ileje, Wasafwa, Wabungu na wengineo. Ushoroba ni mahali pa kupita, na nchi hiyo imepitiwa na kila mtu. Katika karne ya 19 ilipitiwa na misafara ya pembe na watumwa, na waliokuwa katika misafara hiyo wengi walisema lugha yetu. Kule Karonga, upande wa pili wa mto Songwe, Mlozi na wafuasi wake Waswahili walijenga maboma, wakapigana na Waingereza tangu mwaka 1887, mpaka Mlozi aliponyongwa mwaka 1895. Baadhi ya watu walioshikwa katika nchi hizo waliishia katika mashamba ya pwani na visiwani. Tusijifanye wageni wa habari hii.

Bahati njema, baadhi ya watekwa wa ushoroba walisimulia maisha yao wenyewe. Elise Kootz-Kretschmer, Mmoraviani kutoka Ujerumani aliyeishi kwa Wasafwa, aliyaandika masimulizi hayo, na baadaye mwanahistoria Marcia Wright akayakusanya na kuyafafanua katika kitabu kilichotoka mwaka 1993. Humo yumo Msatulwa Mwachitete, mtoto wa Kinyiha aliyetekwa akiwa mdogo, akapita mikononi mwa watu mbalimbali, kisha akarejea kwao na kuwa mwalimu wa misheni. Yumo pia mwanamke aitwaye Narwimba. Mumewe alipofariki, Narwimba hakungoja kurithiwa. Alikwenda mwenyewe kumwomba jamaa wa mumewe amchukue awe mkewe. Hayakuwa mapenzi, wala hakuwa akitafuta raha. Alijua kuwa mjane asiye na mwanamume wa kumsemea, yeye na watoto wake, ni watu ambao yeyote aweza kuwauza au kuwatoa fidia ya deni la mwingine.

Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu kwa muda. Kumbe kabla ya mahakama, kabla ya cheti cha kuzaliwa, mwanamke mmoja wa ushoroba alikuwa tayari amelitambua jambo ambalo mama mkubwa wa Tunduma analihangaikia leo. Hatari kubwa ya mtoto si kukosa baba. Hatari ni kukosa mtu ambaye, likizuka swali mbele ya wakubwa, atasimama na kusema: huyu yuko chini yangu.

Na waliokombolewa utumwani walikutana na swali lilelile kwa sura nyingine. Mtoto aliyekombolewa hana ukoo unaomjua; basi nani atamwoza, nani atapokea mahari yake? Wamisheni wakaishika nafasi hiyo, kule ushorobani kama hapa Unguja, ambako watoto wa kike waliotolewa katika majahazi ya watumwa walilelewa Mbweni na wa kiume Kiungani. Mlezi akawa taasisi. Si kila mtoto aliyefurahia ulezi huo, lakini walau palikuwa na jibu la swali.

Mstari wa 1890

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitiliana saini mkataba ambao kila msomaji wa visiwani anaujua, kwa kuwa ndio ulioitia Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza. Lisilokumbukwa sana ni kuwa karatasi hiyo hiyo ilichora mstari kutoka Ziwa Nyasa, ukifuata mto Songwe, hadi Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka barabara iliyoitwa ya Stevenson, iliyounganisha maziwa mawili, ibaki upande wao; nayo ikabaki. Kwa kalamu moja, Wanyamwanga wakawa raia wa dola mbili, na mji ambao baadaye ungeitwa Tunduma ukazaliwa kuwa kizingiti cha mlango.

Mpaka una tabia moja ambayo mshairi yeyote angeitambua: haumzuii mtu kuondoka, humzuia kutafutwa. Mtu akishavuka, amri ya hakimu wa upande huu inakuwa karatasi tu upande ule, mpaka ipatikane njia ndefu ya kuithibitisha. Kwa mtoto aliyeachwa, upana wa barabara ya Tunduma waweza kuwa mrefu kuliko safari ya kwenda Maskati.

Fauka ya hayo, mpaka uliweka karibu mila zisizofanana. Wanyiha, Wanyamwanga na Wanyakyusa huhesabu ukoo kwa baba, na ng'ombe wa mahari ndio waliokuwa ushahidi: aliyetoa ng'ombe ndiye mwenye watoto. Ukienda mbele zaidi ndani ya Zambia unawakuta Wabemba, ambao huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mtoto wa baba Mbemba na mama Mnyiha aweza kudaiwa na pande zote mbili au asidaiwe na hata mmoja, kwa kuwa kila upande, kwa mila yake, unaona kuwa mtoto ni wa wenzao.

Wanaume walioondoka

Utoro wa baba katika nchi hiyo haukuanza na malori. Kodi ya kichwa ya wakoloni ilidai fedha, na fedha ilikuwa mbali. Katika miaka ya 1920 na 1930 wanaume walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Wengine walivuka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wengine, hasa katika miaka ya 1950, wakachukuliwa na shirika la kuajiri vibarua lililojulikana kwa jina la Wenela mpaka kwenye migodi ya Afrika Kusini, hadi serikali ya Nyerere iliposimamisha uajiri huo baada ya uhuru. Wengi walirudi na mablanketi, baiskeli na fedha za ng'ombe. Wengine hawakurudi. Ng'ambo ya mto Songwe, Nyasaland, watu wa namna hiyo walipewa jina lao maalumu, machona, yaani waliopotelea ugenini; na jamii haitungi jina kwa jambo la mara moja.

Yafaa tuangalie kuwa machona hakuvuliwa ubaba. Katika nchi ya ng'ombe, kutokuwapo kwake hakukufuta mahari aliyotoa. Baba yake na ndugu zake walibaki, na wao ndio waliosimama mahali pake. Ubaba ulikuwa wa ukoo kabla ya kuwa wa mtu mmoja. Mtu aliweza kupotea, ukoo haukuweza. Huo ndio uliokuwa mpango wa ulezi, nao ulifanya kazi maadam ukoo ulikuwa na makao yanayojulikana.

Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia baina ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na sambamba nayo barabara kuu ya lami. Tunduma ikakua. Foleni za malori yaendayo Zambia na Kongo zilimfanya dereva akae siku kadhaa akingoja karatasi za forodha. Katika kungoja huko watu walifanya yale ambayo watu hufanya: walikula, walilala, walipenda, walioa. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Tunduma ilikuwa ndiyo mji wake mkubwa. Watu wake hawakufikia laki moja katika sensa ya 2012. Katika sensa ya 2022 walizidi laki mbili. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani ili foleni ipungue. Ila watoto waliozaliwa katika foleni ya zamani wako pale, na baba zao hawana ukoo unaojulikana mtaani. Hapo ndipo mpango wa zamani ulipokatika: mtu amepotea, na ukoo wake haujulikani uliko. Juu ya hayo ukaja Ukimwi, ambao katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 uliuweka Mkoa wa Mbeya miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi, ukawachukua mama wengi na kuwaacha mabibi na mama wakubwa wakilea.

Shilingi mia

Sasa tutazame sheria ilisema nini. Mwaka 1949, chini ya Waingereza, Tanganyika ilipata sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumpeleka mahakamani mwanamume aliyemzalisha ili atoe matunzo. Neno la mama peke yake halikutosha. Lilihitaji ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Na akishinda, kiwango cha juu alichoweza kuamriwa baba kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi.

Mwaka 1963, baada ya uhuru, serikali ilichapisha tamko la sheria za mila, lililotayarishwa kwa kazi ya mtafiti Hans Cory, ili kuzipatanisha mila za makabila yahesabuyo ukoo kwa baba. Humo shilingi 100 zinajitokeza tena, safari hii kwa kazi nyingine. Mwanamume asiyemwoa mama wa mtoto aliweza kumhalalisha mtoto awe wake kwa kumlipa baba wa mwanamke shilingi 100, kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Ulezi wa watoto wa marehemu nao ukawekwa katika mikono ya wanaume wa upande wa baba.

Msomaji azitazame shilingi hizo pande zote mbili. Kwa shilingi mia baba aliweza kumchukua mtoto. Kwa shilingi mia kwa mwezi aliweza kumwacha. Mwaka 1963 hizo zilikuwa fedha za maana. Kiwango cha matunzo hakikubadilika, sarafu ikaporomoka, na kufika miaka ya 2000 shilingi mia haikununua mkate. Mama aliyeshinda kesi alitoka mahakamani na hukumu isiyolipa hata nauli iliyomfikisha hapo. Ilhali haki za baba hazikuporomoka pamoja na sarafu. Zilibaki kama zilivyo, zikimngoja siku atakayozihitaji.

Wenzetu wa Kenya walifanya kinyume na chepesi zaidi: mwaka 1969 Bunge lao liliifuta kabisa sheria ya matunzo ya namna hiyo, na mama asiyeolewa akaachwa na mzigo wake. Ilichukua hadi Katiba ya 2010 kuandikwa waziwazi kuwa baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Kitanda hakizai haramu

Sisi wa visiwani huwa tunasema kuwa mambo haya tumeyamaliza zamani. Tuna methali: kitanda hakizai haramu. Asili yake ni kanuni ya fikihi kwamba mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, wala watu wasimchimbe nasaba yake. Ni kanuni ya huruma, inamkinga mtoto na ndimi za watu. Lakini kinga ya kitanda haimfikii aliyezaliwa nje yake. Tukumbuke kuwa Zanzibar ilikuwa na sheria, ya mwaka 1985, iliyomfunga gerezani msichana aliyepata mimba bila ndoa. Sheria ya mwaka 2005 ndiyo iliyoondoa kifungo hicho na kumgeukia pia baba atoe matunzo.

Hata hivyo kuna hekima katika fikihi ambayo ninaona inafaa kuvushwa hadi Tunduma. Katika madhehebu ya Shafi, walii wa binti akiwa mbali kwa masafa ya safari, binti hangoji mpaka azeeke: kadhi husimama mahali pa walii na kumwoza. Uwalii wa baba haukufutwa. Umewekwa kando kwa kuwa mwenyewe hayupo kuutumia. Akirudi ataukuta. Tena malezi ya mtoto mdogo, yaani hadhana, ni ya mama kwanza, na mtoto akifikia kupambanua, aghlabu miaka saba, huulizwa anamtaka nani. Si ajabu kuwa Sheria ya Ndoa ya Tanganyika ya mwaka 1971 nayo ilichukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba hufaa zaidi kukaa na mama yake, isipokuwa pawe na sababu ya kuonyesha vingine.

Jambo lisilokubaliwa katika Uislamu ni kukata nasaba. Sura ya Al-Ahzab, katika habari ya Zaid bin Haritha, iliwarejesha watoto wa kulea kwenye majina ya baba zao. Ndiyo sababu tuna kafala: mlezi anachukua mzigo wote wa mtoto, lakini hamwandiki kuwa ni wa mgongo wake. Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imeipa kafala nafasi yake.

Kwa hiyo barua ya mama mkubwa, iliyotaka baba aache haki zote, ilikuwa na tatizo kwa imani ya mwandishi wake kabla hata haijafika kwa hakimu.

Sheria ya 2009

Mwaka 2009 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Mtoto, namba 21, inayotumika Bara. Ilizifuta sheria kadhaa za zamani, ikiwemo ile ya 1949, na shilingi mia zikaenda nayo. Mahakama sasa huangalia kipato cha baba na mahitaji ya mtoto. Ubishi wa ubaba waweza kukatwa kwa kipimo cha vinasaba. Na juu ya yote imewekwa kanuni kwamba katika kila uamuzi, maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza.

Nilitafuta humo mlango wa kumvua mzazi mtoro haki zake, kwa sababu nilisikia kuwa Marekani upo. Kule mahakama yaweza kukata kabisa haki za mzazi, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1997 inazitaka serikali za majimbo zifungue shauri la namna hiyo, isipokuwa kwa sababu maalumu, pale mtoto anapokuwa katika malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22. Kwetu sikuuona mlango huo peke yake. Niliuona ndani ya chumba kingine, nacho ni kuasili. Amri ya kuasili ikitolewa, haki na wajibu wote wa wazazi wa kuzaa hukoma, hata wa kimila, na mtoto akawa wa aliyemwasili kana kwamba amemzaa. Ridhaa ya wazazi inatakiwa, lakini mahakama yaweza kuendelea bila ridhaa ya mzazi aliyemtupa mtoto, au asiyeweza kupatikana.

Basi kumbe njia ipo. Lakini soma tena: haki na wajibu. Ukikata haki za baba, umekata na deni lake. Mtoto hatamdai matunzo kesho akijulikana aliko, wala hatakuwa na kisimamo katika mirathi yake. Kwa mama mkubwa wa Tunduma, aliyetaka kumfunga mlango mtoro asije akamdai mtoto, dawa hiyo ingemsamehe mtoro kila alichokikimbia, na juu yake ingegusa nasaba.

Palikuwa na njia ya pili, isiyo na kishindo. Sheria inamruhusu jamaa anayemlea mtoto kuomba mahakamani amri ya kukaa naye na kumlea. Afisa ustawi wa jamii huandika taarifa yake, mtoto husikilizwa kwa kadiri ya umri wake, na hakimu hutoa amri. Amri hiyo haimvui baba ubaba. Baba anabaki na deni la matunzo, na akitaka kumwona mtoto ataomba. Lakini siku atakapokuja na lori lake kusema huyu ni wangu, atakuta mtu mwenye karatasi. Ni kama kadhi na walii wa safarini: haki ya aliye mbali imewekwa kando, haikufutwa, na mtoto hakungoja.

Mlezi baada ya mlezi

Likabaki ombi la pili: nani baada yangu? Hapa nadhani historia yote niliyoieleza inakutana. Sheria ya 2009 inasema wazazi wakifariki, wajibu wa malezi waweza kukabidhiwa jamaa wa upande wowote, wa baba au wa mama, kwa amri ya mahakama au kwa utaratibu wa kimila. Maneno mawili, upande wowote, yamevuka umbali mkubwa kutoka tamko la 1963, lililomtazama mwanamume wa upande wa baba peke yake. Tamko lenyewe halijafutwa. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliiambia Tanzania kuwa kanuni zake za urithi zimewadhulumu wajane wawili waliopeleka malalamiko. Kwa hiyo anayepanga ulezi huko bara ajue kuwa panaweza kutokea ami kutoka kijijini akiwa na mila mkononi.

Mtoto si kiwanja, haachwi kwa urithi. Mlezi aliyetajwa katika wosia hamfungi hakimu, kwa kuwa hakimu ataangalia maslahi ya mtoto siku hiyo, si siku ulipoandikwa. Lakini wosia ulioandikwa na kushuhudiwa, ukahifadhiwa mahali panapojulikana, kama Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, unampa hakimu mahali pa kuanzia. Muhtasari wa kikao cha ukoo, uliotiwa saini na watu wa pande zote mbili wanaopatikana, unampa zaidi. Na kabla ya yote ni cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2013 mpango wa kuwasajili bila malipo watoto wa chini ya miaka mitano ulianzia Mkoa wa Mbeya, wakati huo Tunduma ikiwa ndani yake, kwa vyeti kutolewa katika ofisi za kata na vituo vya afya. Kwa mtoto wa mpakani karatasi hiyo ni zaidi ya desturi ya serikali. Narwimba angeielewa mara moja: ni mtu wa kukusemea, aliyekunjwa na kutiwa mfukoni.

Nilimrudishia jirani yangu barua mbili badala ya moja, na maelezo nikampa kwa mdomo ayapeleke. Ya kwanza ilikuwa ya kwenda ng'ambo. Palipoandikwa aache haki zake, niliomba ruhusa kuandika kwamba ametakiwa atimize wajibu wake, na kama hawezi, akubali mtoto abaki kisheria chini ya mama yake mkubwa. Ya pili ilikuwa wosia, nao ulibaki katika Kiswahili, kwa kuwa watakaousoma wako upande huu. Mama mkubwa alikubali, isipokuwa sehemu moja. Nilikuwa nimemtaja mtoto kwa jina lake na la mama. Akaagiza lirudishwe jina la baba, kwa sababu mtoto mwenyewe ameulizwa, naye akasema ndilo lililoandikwa kwenye daftari zake za shule.

Jibu la ng'ambo halijafika hadi ninapoandika haya. Amri ya malezi imetolewa, kikao cha ukoo kimekaa, na binti mkubwa ametia saini. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Miaka mingi sheria katika njia ile iliuliza nani amezaa na nani amelipa. Ni juzi tu imeanza kuuliza nani analea, na nani atalea akiondoka huyu anayelea.